Mgongo wa Mama Kulwa na Maji ya Msibani

Siku niliyoaga wodini, vijana wa zamu ya asubuhi walinikatia keki yenye umbo la uti wa mgongo. Aliyeipamba hakuwa amesoma anatomia. Pingili za chini zilikuwa zimepishana vibaya, hata nikawaambia mgonjwa huyo apelekwe kwanza chumba cha upasuaji, ndipo tumle. Tulipomaliza kucheka, mmoja wao akasema, "Sista, tuandikie. Ukishafika Ushirombo kwenye mihogo yako utatusahau, na sisi tutabaki kuulizana wenyewe." Mihogo nimeshapanda, imeota, na sijawasahau. Basi haya ndiyo niliyonayo.

Vyeo sitavisimulia. Nilivipata kama nilivyopata mvi, kwa kukaa tu. Mishahara mnaijua. Nitasema juu ya migongo ya watu, maana hiyo ndiyo niliyoishi nayo.

Nilianza kazi Shinyanga mjini, wodi ya mifupa, nikiwa msichana wa Kisumbwa mwenye Kiswahili cha shule ya masista na Kisukuma cha kuungaunga. Asubuhi ya kwanza nilikwenda na viatu vyeupe na saa niliyoibandika kifuani, nimejiandaa kuchoma sindano kila atakayekaa mbele yangu. Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa Mama Leokadia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliviangalia viatu vyangu, akanipa shuka.

"Hii ndiyo kazi yako kwa sasa," alisema.

"Kutandika, Mama?"

"Kugeuza."

Mgonjwa wa mgongo, alinifundisha, hageuzwi na mtu mmoja, hata awe mwepesi kama kuku. Mnasimama watatu upande mmoja, shuka limekunjwa chini yake, mmoja anashika mabega, mwingine nyonga, wa tatu miguu. Aliye kichwani ndiye anayehesabu, na mgonjwa anageuka kipande kimoja kama gogo. Nilikaa muda mrefu nikigeuza watu kabla sijaruhusiwa kushika sindano, na nilinung'unika sana, hasa chakula cha mchana kilipokuwa ugali na dagaa wasiotosha. Leo namshukuru. Mikono yangu ilijifunza uzito wa mtu anayeumia kabla kichwa hakijajifunza majina ya dawa. Mnaoanza sasa, msiruke hatua hiyo kwa sababu kuna vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Umeme ukikatika kitanda hakibonyezeki, na mgonjwa bado anatakiwa kugeuzwa.

Zana zetu zilikuwa mifuko ya mchanga, mbao za kuweka chini ya godoro, na plasta tuliyoloweka wenyewe kwenye beseni. Mchanga tulichota mtoni, tukaukaanga kuua wadudu. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu alitukuta jikoni tukikaanga mchanga kwenye sufuria, akauliza tunapika nini. Mama Leokadia akamjibu kwamba ni chakula cha wakaguzi. Hakurudi tena, na mimi siku hizo niliamini kwamba kazi ya uuguzi itanifaa.

Baadaye nilihamishiwa Kahama, nikapanga Nyasubi, karibu na soko, nikabaki hapo hadi kustaafu. Huko ndiko nilikokutana na migongo ya dhahabu. Wachimbaji walitujia kutoka Bugarama, Geita na machimbo ambayo hata majina hayana, Waislamu wa Kigoma na Wakristo wa Mbeya nyuma ya gari moja la mizigo, wengine wameangukiwa na mwamba chini ya duara, yaani shimo wanalochimbia. Wengi walipona na kurudi kule kule. Niliacha kuwauliza kwa nini. Mchimbaji ukimuuliza kwa nini anarudi duarani, anakuangalia kama umemuuliza kwa nini anakula.

Lakini walionisumbua moyo zaidi hawakuangukiwa na kitu chochote. Walikuwa akina mama. Walikuja na mgongo uliopinda, hawana jeraha, wameshikilia kiuno. Miaka mingi tuliwapa vidonge vya maumivu tukawaambia ni uzee. Nao wakakubali, kwa sababu mama zao nao walipinda, na bibi zao nao walipinda, basi wakadhani mgongo wa mwanamke umeumbwa uje kutazama chini.

Daktari Mbwambo, mpasuaji wa mifupa aliyekuja kwetu kliniki kila mwezi kutoka hospitali kubwa, ndiye aliyetukatalia neno hilo. Alikuwa Mpare, hana mambo mengi, na kwa Wapare hata maneno hayapotezwi bure. Alitueleza kwamba mwanamke akishakoma hedhi, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua, na mfupa huanza kuliwa kutoka ndani, ukabaki na matundu. Ugonjwa huo unaitwa osteoporosisi. Pingili ya namna hiyo hubonyea bila kishindo. Mtu ameinama kuokota mwiko tu, kumbe ndani kumevunjika. "Uzee hauandikwi kwenye faili kama ugonjwa," alituambia. Tangu siku hiyo, kliniki yetu haikuliandika tena.

Sasa niwaeleze juu ya Mama Kulwa, maana mgonjwa mmoja aliyefuatwa hadi mwisho anafundisha kuliko mia uliowaona mara moja.

Alikuwa mjane wa kitongoji kimoja nje kidogo ya Bugarama, amenizidi umri vya kutosha kumwamkia. Ujana wake aliumalizia mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanapopondwa na kusafishwa, akiponda kwa nyundo ameinama tangu asubuhi. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa aliajiriwa kwenye mgodi mkubwa, na bima yake ndiyo iliyombeba mama. Doto alikuwa anatafuta bahati yake porini upande wa Geita.

Mara ya kwanza tulimpeleka kwenye upasuaji. Pingili moja ya kiunoni ilikuwa imeteleza, ikakandamiza mishipa, mguu ukafa ganzi. Daktari Mbwambo aliziunganisha pingili mbili kwa parafujo na vyuma ili zishikane ziwe kitu kimoja. Mguu ukarudi. Alitoka hospitali anatembea wima, na alikuwa na furaha iliyoambukiza wodi nzima.

Miaka miwili mitatu baadaye akarudi, safari hii maumivu yakiwa juu ya pale palipounganishwa. Picha ilionyesha kilichotokea. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kijimto kinachomeza mishtuko. Pingili mbili zikishaunganishwa hazipindi tena, kwa hiyo kijimto cha jirani hufanya kazi yake na ya wenzake. Cha Mama Kulwa kilikuwa kimeanza kunyauka, na pingili zilizokishikilia juu na chini zilikuwa nyembamba. Kipimo cha uzito wa mifupa kilithibitisha kwamba mifupa yake inaliwa.

"Ningeweza kuongeza vyuma," Daktari Mbwambo aliniambia pembeni, "lakini nikifunga parafujo kwenye mfupa huu, itang'oka. Kwanza tujenge mfupa."

Dawa ya kujenga ilikuwa sindano ya homoni. Shingoni, nyuma ya lile tezi kubwa, kuna vitezi vidogo vinavyotoa homoni ya kuratibu madini ya chokaa mwilini. Homoni hiyo ina tabia ya ajabu. Ikizidi mwilini mfululizo, inabomoa mfupa. Ikiingia kidogo mara moja kwa siku, kisha ikaondoka, inaujenga. Watengenezaji wakaiweka kwenye sindano yenye umbo la kalamu, mgonjwa anajichoma mwenyewe pajani au tumboni kila siku, kwa muda usiozidi miaka miwili. Mama Kulwa aliuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa uuguzi hajawahi kuniuliza.

"Na hicho kijimto, Daktari, nacho kitajengeka?"

"Mfupa, ndiyo, nina hakika. Kijimto, wataalamu bado wanachunguza. Mfupa wa juu na chini ukikaza, huenda kikapumzika. Siwezi kukuahidi."

"Ahadi sijaomba. Nimeuliza tu."

Nilimfundisha kujichoma mimi mwenyewe, kwenye kiti karibu na dirisha, kwa sababu siku za kwanza dawa hiyo inaweza kuleta kizunguzungu. Aliishika kalamu kama alivyoshika nyundo, nikamwambia hapa hatupondi mawe. Masharti nilimpa mawili makubwa. La kwanza, dawa ikae kwenye friji, lakini isigande. Mkwewe, mke wa Kulwa, kwa mapenzi mema akaweka kalamu ya kwanza pamoja na nyama ili ipoe zaidi, ikaganda, tukaitupa. Hilo lilimfunza kila mtu, pamoja na mimi, kwamba neno "baridi" halitoshi, mwonyeshe mtu rafu yenyewe. Sharti la pili, asibebe mzigo wala asiiname kuinua kitu.

Miezi ya mwanzo alikuwa mgonjwa wa mfano. Kisha akaja siku moja uso umekunjamana, anakaa kitini kwa awamu. Alitoa mkobani chombo cha dawa, kimechomekwa katikati ya kanga. Kanga ile ilikuwa bado imesokotwa duara, imeshikana vizuri, ina kishimo katikati. Kila mwanamke aliyewahi kujitwika ndoo anaijua hiyo ni nini.

"Hii ngata ya nini, Mama Kulwa?"

"Kanga tu, Sista."

"Kanga hailali hivyo yenyewe."

Akatazama dirishani. "Kulikuwa na msiba kwa akina Masanja. Halafu mwingine kwa yule mwalimu. Wa tatu nao sikuupanga mimi."

"Nilikukataza kubeba hata kuku."

"Kuku sijabeba. Nimebeba maji."

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia amechezea dawa iliyotoka mbali, amechezea mkono wa Daktari, amechezea mguu wake mwenyewe. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia habari ya nzengo.

Wenzangu mnaotoka mbali na Usukumani, nzengo ni umoja wa kaya za kijiji. Ukifiwa, hao ndio wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaoleta kuni na kujaza mapipa ya maji. Wanaume wana zamu yao na wanawake wana yao. Asiyeshiriki kwa wenzake anatozwa mbuzi. Akikaidi anatengwa, hasalimiwi, haazimwi hata moto, na siku akifiwa anabaki peke yake na maiti yake.

"Si uwaambie unaumwa?" nikamuuliza.

"Nani haumwi? Sista, watu wanamjua mgonjwa wa mgongo, amepinda. Mimi vyuma vyenu vimeninyoosha kama askari. Nikipita, wanasema yule ndiye mzima kuliko wote, tena mvivu." Akaikunjua ile kanga magotini. "Wewe unaangalia mgongo wangu, na nashukuru. Ila mimi ndani nina mayu. Mama yangu mzazi. Hatoki tena kitandani, anakunywa uji kwa kijiko. Siku akiondoka, maji ataleta nani? Kulwa yuko zamu ya mgodini, Doto yuko porini. Nani atakuja kwangu, kama mimi sikwenda kwao?"

Nilikuwa nimesomea mifupa, dawa, vidonda na namna ya kumgeuza mtu kama gogo. Hakuna aliyenifundisha la kumwambia mwanamke anayechagua kati ya mgongo wake na maziko ya mama yake. Niliona aibu kwa hasira yangu. Nikammiminia chai, tukanywa, nikamwuliza nzengo yao inakutana lini.

Walikutana Jumapili alasiri, uwanjani karibu na shule. Nilimwambia Daktari Mbwambo ninakwenda, akanipa picha ya mgongo wa Mama Kulwa, ambaye mwenyewe aliridhia ionyeshwe. Niliwasalimu kwa Kisukuma changu, wazee wakacheka kwa heshima. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikaeleza juu ya ugonjwa, upasuaji na dawa. Nilijiona nimeeleza vizuri sana mpaka mama mmoja aliponyoosha mkono.

"Sista, tumesikia sindano zenyewe ni za homoni. Sindano za homoni si zile za uzazi? Mtu anayepanga uzazi katika umri ule anashindwaje ndoo?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga fimbo chini. Mama Kulwa aliangalia mbele, shingo imekakamaa. Nikasema mwili una homoni nyingi, kama nzengo ilivyo na watu wengi, na kila moja ina kazi yake. Ya uzazi ni moja. Hii kazi yake ni chokaa ya mifupa tu, haijui habari za mimba.

"Vyeti vya daktari tumeona vingi," alisema mzee mmoja wa mbele. "Kila mwenye uvivu ana karatasi."

Ndipo nikainua picha juu ya kichwa changu, jua likapita ndani yake. Parafujo zikaonekana, nyeupe kabisa, zimekaa kwenye pingili. Watu wakasogea. Mmoja alikuwa Mzee Luhende, mchimbaji wa zamani aliyeacha vidole viwili duarani. Alitazama muda mrefu.

"Haya ni matimba," akasema.

Matimba ni magogo wanayotegemeza ndani ya shimo ili mwamba usishuke. Mzee Luhende akageukia wanaume wenzake. "Mnaona hapa wameweka matimba. Matimba mazuri. Lakini hapa juu yake, mwamba wenyewe laini. Matimba yanashika mwamba mgumu, mwamba laini yanapita kama kisu kwenye papai. Ukitwisha uzito hapa, linashuka duara zima." Akaniuliza, "Sindano inakaza mwamba, sivyo?"

"Ndivyo, Mzee. Polepole."

Akawageukia tena wenzake. "Basi mnambebesha maji ya nini?"

Nimehudhuria mafunzo mengi juu ya namna ya kuelimisha jamii, yenye chai na sambusa. Sikuwahi kueleweka upesi namna ile.

Nilidhani yameisha, kumbe bado. Nzengo haimsamehi mtu kazi, humbadilishia. Wakaanza kutafuta la kumpa. Kupika kunahitaji kuinama. Kufagia kunahitaji kuinama. Hata kumnawisha mgeni unapiga goti na kuinamisha jagi. Aliyelipata alikuwa Mama Mabula, kiongozi wa upande wa wanawake, mwenye mwili mkubwa na maneno machache.

"Alinde vyombo," alisema.

Wanawake wengine wakaanza kutazama chini. Kwenye msiba sufuria na sahani hukusanywa kutoka kila nyumba, na hakuna msiba ulioisha bila mtu kuondoka na mfuniko wa mwenzake. Anayelinda vyombo hukaa kitini na kumzuia kila anayetoka na kikapu kizito. Ni kazi ya kugombana na ndugu. Wote waliopewa waliikimbia.

Mama Kulwa alisimama. "Sitaki kukalishwa kitini kama bwana afya. Wenzangu wabebe, mimi nitazame?"

"Mwenzio wa mwisho aliyelinda, waliacha kumsalimia mwaka mzima," Mama Mabula akamjibu. "Usidhani nimekuonea huruma."

Akakubali. Na niseme ukweli, wanawake wa kitongoji kile walijutia uamuzi ule haraka sana. Mgongo usiopinda unakaa juu kuliko wengine, unaona mbali. Kulwa aliniambia kwamba msiba wa kwanza mama yake alimrudisha mke wa mwenyekiti kutoka nusu ya njia, akamtolea kikapuni bakuli mbili zilizofichwa chini ya mchele. Tangu hapo hakuna kijiko kilichopotea. Wengine wakasema afadhali angebaki anabeba maji.

Kliniki aliendelea kuja bila ngata. Kila mara nilimpokea hivi: "Shikamoo, Mama Kulwa." Naye: "Marahaba, Sista. Leo nimekuja mtupu, nikague." Maumivu yalipungua. Alianza kulala usiku. Lakini lile lililomkera halikuondoka, na siku moja, wakati napima shinikizo lake la damu, alilitoa.

"Hivi kukaa kunahesabika, Sista?"

"Kunahesabika wapi?"

"Kwa watu. Watu wanamkumbuka aliyebeba. Aliyekaa, tena akagombana nao kwa ajili ya vifuniko, nani anamkumbuka kwa wema? Wakija kwa mayu wangu watakuja kwa moyo, au watakuja wachache kwa kuogopa mbuzi?"

Nilimwambia watakuja. Nilisema kwa sauti ya kiuuguzi, ile tunayotumia tunapomwambia mgonjwa hataumia. Aliitambua, akatabasamu tu.

Sindano zilipofika mwisho wa muda wake, Daktari Mbwambo alipanga picha za mwanzo na za mwisho kwenye kioo chenye taa. Alizitazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Mfupa umekaza," akasema. "Kijimto hakijawa kipya. Lakini hakijaliwa zaidi. Kama ni dawa au ni ndoo zilizoachwa, siwezi kuapa. Ninachojua, sina sababu ya kumpasua tena."

Tukambadilishia dawa nyingine ya kulinda kilichojengwa, maana ukijenga ukaacha, mfupa unarudi ulikotoka. Hilo mlishike, wagonjwa wengi hupotelea hapo. Wakisikia "umemaliza" wanadhani wamemaliza kila kitu. Mama Kulwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa anaruhusiwa kubeba maji. Daktari akasema hapana, maisha yake yote. Akaitikia kwa kichwa. Pale nje aliniambia, "Wabeja, Sista," asante kwa Kisukuma, akashika mkono wangu na kuubana kwa nguvu za mponda mawe. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Nilikwenda nyumbani Nyasubi nikapika pilau bila sikukuu.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Nilikuwa kwenye mihogo yangu Kulwa aliponipigia simu kwamba bibi amefariki usingizini na anazikwa kesho yake alasiri. Asubuhi nilipanda basi la Kahama, kisha gari la Bugarama, na njia nzima nilikuwa ninafikiria si marehemu, Mungu anisamehe, bali mapipa ya maji.

Nilifika kabla ya mchana. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi nyuma ya zizi, Kulwa na Doto wakiwa miongoni mwao. Uani kulikuwa na turubai, viti vichache, mafiga yasiyo na moto, na mapipa matatu. Nilichungulia. Yalikuwa makavu. Mama Kulwa alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, kanga nyeusi kichwani, amenyooka, anatazama njia inayotoka kwenye bomba. Nilimpa pole, akaitikia.

"Akina mama wamekuja?" nikauliza.

"Bado."

"Ni mapema, Mama Kulwa."

"Si mapema, Sista. Kwa akina Masanja saa hizi tulikuwa tumeshajaza."

Nikasimama naye. Sikutumia tena ile sauti yangu ya kiuuguzi. Jua lilikuwa kali, na wale wanaume nyuma ya zizi waliitisha maji ya kunywa, hakuna aliyewapelekea kwa sababu hayakuwepo. Mama Kulwa alishika mkono wangu kama alivyoushika siku ile kliniki.

Kisha kwenye kona ya shamba la pamba akatokea Mama Mabula, ndoo kichwani. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Njia yote ikajaa wanawake, wazee na vijana, hata yule wa sindano za uzazi, hata mke wa mwenyekiti. Bomba la karibu lilikuwa limekauka usiku wa kuamkia siku ile, kumbe walikwenda la mbali, ng'ambo ya barabara kuu, wote kwa pamoja. Mapipa yakajaa. Masufuria yakajaa. Beseni la kufulia likajaa, na bado kulikuwa na wanawake wamesimama na ndoo vichwani wakiuliza wamwage wapi.

Mama Kulwa alikuwa analia bila kujifuta. Mwanamke mmoja mzee kuliko yeye alifika mbele yake, shingo inatetemeka chini ya ndoo, hana pa kuitua. Mama Kulwa akasahau. Akasahau vyuma, na mfupa, na masharti yote, akainua mikono miwili kuipokea ndoo ile.

Nilifungua mdomo kumkataza. Wanawake wote uani wakaniwahi kumkemea kwa sauti moja.

"Acha!"